Mhariri, kuna mchongaji wa India mmemruka

Ndugu Mhariri, salaam.

Makala yenu ya sanamu ya Sardar Patel, yule kiongozi wa uhuru wa India, kule jimbo la Gujarat nimeisoma yote. Mita 182, ndefu kuliko zote duniani, imezinduliwa 2018, mchongaji mzee Ram Sutar, sawa, hayo yote kweli na mzee anastahili sifa zake. Kwa taarifa tu, ile shaba ni ganda la nje, ndani ni zege na chuma, na mabamba ya shaba yalitengenezwa China, hilo hamkulisema. Lakini sijaandikia hilo. Nimeandika kwa sababu mlimalizia kama vile sanaa ya hadharani ya India ndo hiyo basi, ukubwa, kiongozi aliyesimama juu na waziri mkuu anakuja kuzindua, na mimi nikasema hapana, hawa jamaa wamemruka mtu.

Mtu mwenyewe anaitwa Nek Chand. Umri ni uleule wa Sutar, huyu kazaliwa 1924 mwenzie 1925, ila maisha tofauti kabisa. Sanamu alizotengeneza sijui kama kuna aliyewahi kuzihesabu zote, hakutumwa na mtu, hakulipwa na mtu, na kwa miaka karibu 18 karibu hakuna aliyejua kama zipo. Mimi nilisoma uhandisi wa ujenzi kule Punjab, kaskazini mwa India, Watanzania tupo wengi upande ule kwa sababu ya vyuo, na wikiendi tulikuwa tunakimbilia Chandigarh kwenda kununua vitu na kutembea, ndo huko nilikomfahamu, kwa kazi zake maana yeye mwenyewe sikuwahi kukutana naye.

Nek Chand alizaliwa kijijini upande wa Shakargarh. 1947 India ilipogawanywa mpaka ukapita na kijiji chao kikabaki Pakistan, wao ni Wahindu, ikabidi waondoke kama mamilioni ya wengine walivyoondoka huku na huku. Baadaye akapata kazi Chandigarh, mji uliokuwa unajengwa upya kabisa kwa sababu Lahore, makao makuu ya zamani ya Punjab, ilikuwa imekwenda Pakistan. Kazi yenyewe mkaguzi wa barabara, idara ya ujenzi ya serikali. Siyo msanii, chuo cha sanaa hajakanyaga, ni mtumishi wa kawaida tu ana baiskeli yake.

Sasa hapa lazima niwaeleze kuhusu ule mji maana bila hivyo hamtaona uzito wa alichofanya. Chandigarh ulichorwa na Le Corbusier, yule msanifu mkubwa aliyezaliwa Uswisi akahamia Ufaransa, na ukifika utajua tu umechorwa kwa rula, barabara zimenyooka, mitaa ni namba tupu, Sekta 17, Sekta 22, kila kitu kina sehemu yake. Huyo Le Corbusier kwenye maagizo aliyowaachia wananchi wa mji alisema wazi kwamba sanamu za kumkumbuka mtu fulani hazitawekwa, siyo mjini siyo kwenye bustani, anayetaka kumkumbuka mtu aweke kibao cha shaba inatosha. Na ili huo mji upatikane vijiji zaidi ya 20 vilivunjwa. Nyumba, visima, vyungu, masinki, vigae, vyote vikawa kifusi. Na nani anapita kwenye kifusi kila siku? Mkaguzi wa barabara.

Kuanzia mwaka 1957 hivi akaanza kuokota. Akitoka kazini anapakia kwenye baiskeli anakwenda msituni kwenye bonde karibu na ziwa Sukhna, eneo la serikali lililozuiwa kujengwa chochote, hata kibanda. Anaokota na mawe mtoni chini ya milima ya Shivalik, yale yenye maumbo ya ajabuajabu, moja kama ndege, lingine kama mtu kainama. Anafyeka kidogo, anapanga, anajenga, usiku usiku, peke yake. Mwenyewe alikuwa akisema anajenga ufalme, zile hadithi za wafalme na miungu alizosimuliwa na mama yake akiwa mtoto kijijini.

Mimi kama mtu wa ujenzi kilichonimaliza ni ufundi wenyewe. Nilikuwa nasogea karibu naangalia maungio mpaka walinzi wananishangaa. Anaanza na kiunzi, vyuma chakavu na fremu za baiskeli mbovu. Angalia vizuri wanyama wake utaona kichwa ni siti ya baiskeli, miguu ni foku, mwili ndo fremu yenyewe. Juu ya kiunzi inapigwa plasta ya simenti na mchanga, anaumba mwili, halafu inakuja koti ya mwisho ya simenti tupu iliyosuguliwa, sisi huku tungesema niru, na humo kabla haijakaza ndo anapachika vipande vyake, sahani zilizovunjika, vigae, chupa, mabaki ya kiwanda cha kuyeyushia chuma yale meusi yenye matundumatundu. Fundi yeyote anajua hapo hakuna mchezo, ukiwahi kipande kinazama, ukichelewa hakishiki, na huyu alikuwa anafanya hivyo usiku baada ya kushinda barabarani. Kuna wanawake wamesimama kwa safu juu kwenye ngazi, nguo zao zote ni vipande vya bangili za kioo, kijani na nyekundu na bluu, wale mama wa Kihindi bangili za kioo wanavaa mkono mzima na zinavunjika kila siku kwa hiyo malighafi haiishi. Wamepangwa kipande kwa kipande kufuata mzunguko wa kiuno, hakuna kilichokaa ovyo. Nenda asubuhi jua likiwa bado chini uone zinavyowaka.

Kuta nazo usiseme. Kuna ukuta umejengwa kwa vile vishikio vya fyuzi vya kaure vya zamani, mamia kwa mamia. Kwingine madramu ya lami, kwingine simenti iliganda ndani ya magunia, gunia likaoza ikabaki alama ya nyuzi kwenye zege kama nguo. Milango ameijenga mifupi makusudi, kila anayeingia lazima ainame, awe jaji awe muuza karanga.

Na sanamu zenyewe ni za nani? Hapo ndo Le Corbusier kapatikana, maana alikataza sanamu za watu maarufu na huyu hakuweka hata mmoja maarufu. Ni wanawake wamebeba mitungi, wapiga ngoma, watoto, walevi, nyani, ng'ombe, ndege. Watu wa kijijini tu. Mimi naona ni kijiji chake kilichobaki Pakistan pamoja na vile vijiji 20 na zaidi vilivyovunjwa kupisha mji, amevirudisha mlango wa nyuma kwa mabaki yao wenyewe, ingawa hayo ni maoni yangu siyo kwamba aliyasema.

Siri haikukaa milele. Kabla haijalipuka alimwonyesha M.N. Sharma, msanifu mkuu wa Chandigarh, mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kulinda ramani ya Le Corbusier isiguswe, na huyo bwana badala ya kupiga simu polisi akamwambia aendelee na anyamaze. Mimi huyu Sharma namheshimu karibu sawa na Nek Chand mwenyewe. Miaka ya 1970 utawala ukagundua, na kisheria hakuna ubishi, mtumishi wa serikali amevamia ardhi ya serikali amejenga ekari kama 13 bila kibali hata kimoja, tingatinga ndo halali yake. Lakini watu walipoona hawakukubali eneo livunjwe. Mwaka 1976 likafunguliwa rasmi kwa wananchi, wakaliita Rock Garden, yaani bustani ya mawe, na mvamizi mwenyewe akapewa mshahara wa kulisimamia, wafanyakazi 50 na cheo, injinia wa Rock Garden! Jamani hebu fikirieni kwenye ofisi zetu barua kama hiyo inapita kwa nani.

Kuanzia hapo akapanua mpaka ekari kama 40. Taka zikawa zinamfuata zenyewe, vikawekwa vituo mjini vya kukusanya vyombo vilivyovunjika na matambara. 1983 sanamu zake zikatoka kwenye stempu ya posta, 1984 akapewa Padma Shri, nishani ya serikali ya India, 1986 akaenda Washington kujenga bustani kwenye makumbusho ya watoto, na kuna sanamu zake nyingi mpaka leo zimehifadhiwa Wisconsin, hukohuko Marekani.

Niseme na ninachoona kimepungua nisije nikaonekana namwabudu. Ile sehemu ya mwisho aliyojenga akiwa na wafanyakazi na bajeti, yale matao makubwa yenye bembea na maporomoko ya maji ya pampu, watu wanaipenda kuliko zote, siku za sikukuu bembea hupati nafasi, familia nzima bibi mpaka kitukuu wanabembea wanacheka, lakini mimi naona pale mkono wake umepungua. Zege limekuwa jingi. Ile ya mwanzo iliyojengwa gizani kwa woga ndo unaona kila kipande kimefikiriwa. Na sanamu za matambara zimechakaa vibaya, mvua na jua vimezila, nyingine ni huruma.

Sasa hoja yangu kwenu ni hii. Hiyo sanamu ya Patel ina ulinzi, ina bajeti ya taifa, hakuna atakayeigusa. Hii ya Nek Chand imekuwa ikilindwa na watu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walitaka kupitisha barabara, iliyokuwa ikitakiwa na mawakili wa Mahakama Kuu iliyo jirani hapo, tingatinga zikaja kweli, wananchi wakashikana mikono wakazizuia na barabara ikashindikana. Mwaka 1996 mzee yuko nje ya nchi kwenye mihadhara, utawala ukakata fedha na wahuni wakaingia wakavunja sanamu, wananchi wenyewe wakaunda chama cha kuisimamia na kuleta watu wa kujitolea. Hapo mtu akiniuliza sanaa ya hadharani ni nini simpeleki kwenye mita, namwambia nenda kaangalie nani atatoka nyumbani kwake siku inakuja kuvunjwa. Sutar ana sanamu nyingi sana nzuri, Gandhi wake mnamwona kwenye miji kibao duniani, ila sidhani kama ziko nyingi ambazo mama wa nyumbani ataacha sufuria jikoni akazitetee.

Mtasema basi kazi ya huyu ilikuwa bahati, serikali nyingine ingevunja siku ileile. Inawezekana. Ndo maana nasema wale maofisa walionyamaza nao wanahusika kwenye hadithi, siyo msanii peke yake, na makala za aina yenu huwa zinamtaja mchongaji na anayekata utepe, wa katikati aliyeona faili akaliweka chini ya mafaili mengine hatajwi kamwe.

Nek Chand alifariki Juni 2015 ana miaka 90, na hapo ndo makala nyingi zinakomea. Nawaomba kama mtaandika msikomee hapo. Mwanzoni mwa 2025, miaka kumi baada ya kifo chake, utawala wa Chandigarh ulibomoa sehemu ya ukuta wa bustani na kukata miti ili kupanua njia na maegesho upande wa hiyohiyo Mahakama Kuu. Wananchi waliandamana, wengine wamekua wakibembea humo ndani, lakini safari hii tingatinga halikurudi nyuma. Sababu waliyotoa ni foleni ya magari. Mtumeni mwandishi wenu amtafute hata Mtanzania mmoja anayesoma huko sasa hivi, wapo tele, aende na simu apige picha pale ukuta ulipokatwa aseme pamewekwa nini. Picha ya maporomoko msiitumie, hiyo iko kila mahali mtandaoni. Wekeni wale wanawake wa bangili.

Msomaji wenu,
Morogoro