Watu 700 wanaeneaje chumba cha usukani?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma toka linauzwa sh 200 na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, ila ile habari ya Titanic ya juzi imenishinda. Eti abiria maskini kama 700 walisafiri "kwenye chumba cha usukani". Sasa nahodha alikaa wapi, chooni?

Najua ilivyokuwa. Mwandishi wako kakutana na neno stireji (steerage) la Kiingereza, kaona linafanana na mambo ya usukani, kamaliza kazi. Na hakukosea lote, maana asili yake ni huko nyuma tezini zilikokuwa zinapita kamba za kugeuzia usukani, kelele na giza, ndiko walikosukumiwa wa nauli ndogo. Baadae neno likahama likawa sehemu yoyote ya bei ya chini kati ya sitaha na shehena, hata kama usukani uko mbali. Titanic yenyewe mwaka 1912 ilikuwa na nafuu, daraja la tatu walikuwa na vyumba vidogo vya vitanda vya juu na chini, makapera omo kule mbele, familia na wanawake peke yao tezi. Meli za zamani zaidi ilikuwa ukumbi mmoja mnarundikana. Na mkifika New York wale wa kwanza na wa pili wanakaguliwa humo humo melini wanashuka zao, nyie wa chini mnapakiwa tena kupelekwa Ellis Island, kisiwa cha kukagulia wahamiaji, kupanga foleni ya daktari.

Kwetu hilo ni daraja la tatu, basi, mtoto yeyote wa Bukoba anakwambia. Mwaka 1989 nilipanda meli ya usiku kwenda Mwanza, tiketi ninayo mkononi lakini benchi langu limelala mkungu wa ndizi, mwenyewe hayupo, nikauliza nikaambiwa usiguse mali ya watu, nikakaa chini kwenye bati lililokuwa linapata moto wa injini, kulia kuku wamefungwa miguu wananinyea kiatu, kushoto mtoto wa watu anatapika, saa nane usiku nikasema hapana nipande juu nivute hewa. Sijafika ngazi ya tatu jamaa kanimulika tochi, "tiketi", nikampa, akasema "wewe wa chini, rudi chini". Hakusema tiketi ni ya chini, kasema MIMI ni wa chini! Na nilipoinua macho ndio nikakiona hicho chumba cha usukani, juu kabisa, juu hata ya daraja la kwanza, kina vioo na mtu ndani anakunywa chai. Ndio maana nimekasirika mhariri.

Siku hizi hata daraja la tatu hawalitaji, wanaita ekonomi, na mabasi nayo yameandikwa VIP kiti hakilali na mkanda umekatwa.

Mkatie huyo kijana wako mwandishi tiketi ya daraja la tatu Mwanza kwenda Bukoba, asitumwe mtu kumuwahia nafasi. Saa nane usiku apande ngazi aulize chumba cha usukani kiko wapi. Mpeni na shuka zito, alfajiri ziwani kuna baridi.

Wa chini,
Bukoba