Barua kwa sahibu yangu wa Wete kuhusu mafunzo ya takwimu

Kikwajuni, Unguja
11 Mei 2025

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Waraka wako nimeupata, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na watoto hamjambo na kwamba hatimaye afisi imekubali kukuruhusu kwenda mafunzoni. Umeniuliza uchague yapi kati ya mafunzo mawili uliyopewa: ya kwanza ni ya uchambuzi wa data kwa kompyuta, ambayo tangazo lake limejaa majina ya programu, na ya pili ni ya usimamizi wa taarifa na kumbukumbu za afya, ambayo mkuu wako anayaona yamepitwa na wakati. Jawabu langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta. Chukua ya pili kwanza, na hayo ya programu yafuate baadaye, kwa sababu mtu asiyejua namba yake ilipatikana vipi hawezi kuichambua, hata akipewa kompyuta yenye nguvu kuliko zote.

Wewe unaijua meza ya kliniki ya wajawazito kuliko mimi. Kina mama wamejaa kwenye mabenchi, mkunga ni mmoja, na rejesta ina safu nyembamba zisizomtosha mtu mwenye majina matatu. Mama aitwaye Mwanakhamis leo ataandikwa Mwanakhamis, mwezi ujao ataandikwa Mwanahamisi, na mwezi wa tatu ataandikwa M/Khamis kwa sababu nafasi imekwisha. Kwa mkunga huyo ni mtu mmoja, maana anamjua yeye na anamjua mama yake pia. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na kila mmoja wao alihudhuria mara moja tu kisha akapotea. Mchambuzi aliyeko mjini atatoa grafu nzuri inayoonesha kwamba wajawazito wa shehia hiyo hawarudi kliniki, na utaitishwa mkutano wa kuwahamasisha wanawake ambao hawajaacha kuhudhuria hata mara moja.

Mahali nako ni hivyo hivyo. Ukiandika Chwaka bila ya kutaja wilaya, anayepokea data Unguja hatajua kama unakusudia Chwaka ya huku au Chwaka ya Tumbe huko kwenu, na mashine itawajumlisha wagonjwa wa visiwa viwili pasi na mtu kushtuka. Ndiyo maana mafunzo ya usimamizi wa taarifa huanza na mambo yanayoonekana madogo: kila shehia, kila kituo na kila mteja awe na namba yake isiyobadilika, tarehe ziandikwe kwa mpangilio mmoja tu, na namba za utambulisho na za simu zihifadhiwe kama maandishi, kwa kuwa Excel ikikutana na sifuri mwanzoni mwa namba huiondoa, na simu inayoanza na 0777 hubaki inaanza na 777.

Lipo jambo ambalo, lau ningekuwa mwalimu, ningelifundisha siku ya mwanzo kabisa, nalo ni tofauti baina ya sifuri na nafasi tupu. Kituo kinapoandika sifuri katika ripoti ya mwezi kwenye safu ya malaria, kinasema kwamba kimepima na hakikukuta mgonjwa. Kinapoiacha safu wazi, huenda hakikupima, huenda vipimo vilikwisha, na huenda aliyejaza fomu alikuwa na haraka. Visiwa vyetu vimeipunguza sana malaria, na tangu 2008 vituo vilianza kutuma kila wiki kwa simu ya mkononi idadi ya waliopimwa na ya waliokutwa na vimelea, ili mripuko ugunduliwe mapema. Kazi ya namna hiyo inasimama juu ya sifuri ya kweli. Nafasi tupu ikisomwa kama sifuri, shehia iliyokosa vipimo itahesabiwa kuwa shehia iliyosalimika. Unapofundishwa DHIS2, ule mfumo ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika hapa kwetu kwa ripoti za vituo, muulize mwalimu jambo hili waziwazi, kwa sababu kwa kawaida mfumo huo hauhifadhi sifuri mpaka uamriwe kufanya hivyo kwa kipengele kinachohusika.

Umri pia una mambo yake. Watu wazima wengi wakiulizwa miaka yao hutaja namba inayoishia na 0 au 5, na mwandishi naye akikisia hukisia hivyo hivyo. Wataalamu wa idadi ya watu wana kipimo cha kasoro hii kiitwacho kipimo cha Whipple: huchukuliwa watu wa miaka 23 hadi 62, wakahesabiwa wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, idadi yao ikazidishwa kwa 5, ikagawanywa kwa watu wote wa rika hilo, kisha ikazidishwa kwa 100. Jibu likiwa 100 hakuna kurundikana. Likiwa 500, basi kila mtu ameandikwa umri wa namna hiyo. Hesabu hii haihitaji programu ya gharama, na rejesta ya wagonjwa wa nje ya kituo kimoja inaweza kupimwa mchana mmoja.

Sasa nije kwenye kile ulichoniandikia kuhusu asilimia za chanjo zinazopita 100, ambazo ulisema mkuu wako hukasirika akiziona. Hapo kosa aghalabu haliko kwa aliyehesabu watoto. Liko kwenye idadi ya watu tunayoigawia. Sensa ya Agosti 2012 iliikuta Zanzibar na watu 1,303,569, na ya Agosti 2022 ikaikuta na watu 1,889,773. Pemba peke yake ilitoka watu 406,848 ikafika 543,441, yaani iliongezeka kwa thuluthi, hali Unguja iliongezeka kwa nusu nzima. Basi wilaya inayoendelea kugawia kwa makisio ya zamani, yaliyopigwa kwa kasi ndogo ya ongezeko kuliko hiyo, itajikuta imechanja watoto wengi kuliko iliokuwa nao. Kisha kuna mwendo wa watu wenyewe: mama wa Chake Chake anaweza kwenda kujifungua Mkoani katika Hospitali ya Abdalla Mzee, mtoto akachanjwa huko huko, na hapo Mkoani itaonekana imepanda na Chake itaonekana imeshuka, ingawa hakuna mkunga aliyezembea upande wowote. Mtu aliyefunzwa vizuri hataificha asilimia 110 wala hataipunguza iwe 99 ili ripoti ipendeze. Ataiacha kama ilivyo, ataandika chini yake imetokana na nini, na atataka iangaliwe idadi ya watu ya sensa pamoja na anwani za kina mama waliojifungua. Nakuomba sana ulishike hili, kwa sababu shinikizo la kusawazisha namba lipo, na wanaolipata zaidi ni watu wa daraja yako.

Kuhusu programu zenyewe sitasema mengi. Excel inatosha kwa kazi nyingi za wilaya ukijua kutengeneza majedwali ya muhtasari na kuhakiki yanayoingizwa. Baadaye jifunze R, ambayo ilianzishwa na wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland na hutolewa bure, na ambayo kazi yake hubaki imeandikwa hatua kwa hatua, hata mwenzako akaweza kuirudia na kuikagua. Wala usidhani kwamba nchi tajiri zimeepukana na haya. Mwaka 2020, katikati ya maradhi ya korona, Uingereza ilipoteza kwa siku kadhaa taarifa za watu 15,841 waliokutwa na virusi, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Waliokaa karibu na wagonjwa hao hawakutafutwa kwa wakati. Hapakuwa na upungufu wa wachambuzi. Pengo lilikuwa kwenye njia ya kupokea na kuhifadhi taarifa, na hiyo ndiyo kazi ambayo mkuu wako anaiita ya kizamani.

Lakini mafunzo yasiishie darasani, na katika hili sisi Wazanzibari tuna mfano wetu wa kujivunia. Katika miaka ya 2000 Wizara ya Afya ilianzisha warsha za matumizi ya takwimu, ambamo watu wa wilaya walikutana kila robo mwaka, kila timu ikasimama kueleza namba zake yenyewe mbele ya wenzake, na wenzake wakauliza. Hakuna mtaalamu wa mbali anayeweza kumuuliza mtu wa Micheweni swali kali kama atakavyoulizwa na mtu wa Wete anayewajua wagonjwa wale wale. Katika mikutano hiyo ndimo makosa yalimogunduliwa na fomu zikarekebishwa na waliokuwa wakizijaza. Mimi naamini kwamba meza ile ya kuulizana inafunza kuliko cheti chochote, na ningependa kila kozi imalizike kwa kuwarudisha wanafunzi kwenye meza ya namna hiyo wakiwa na data za vituo vyao.

Na usikubali mafunzo yasiyogusia siri za watu. Bunge la Muungano lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata pasingekuwa na sheria, sisi tunaoishi kisiwani tunajua hatari yake. Jedwali la virusi vya Ukimwi lililogawanywa kwa shehia, jinsia na umri linaweza kuonesha mwanamke mmoja wa miaka arubaini na kitu katika shehia fulani. Jina halikuandikwa, lakini kwa jirani limeshasomeka. Mchambuzi mwenye adabu ya kazi huunganisha makundi ya umri au huficha visanduku vyenye watu wachache kabla jedwali halijatoka nje ya afisi. Huko bara, kwenye miji mikubwa, namba moja inaweza kupotea katika umati. Kwenu na kwetu haipotei.

Basi kabla hujajaza fomu, waulize waandaaji mambo haya: kama utaruhusiwa kufanyia mazoezi data za kituo chako zilizoondolewa majina, kama kuna mtu atakayekufuatilia baada ya kurudi kazini, na ni muda gani uliotengwa kwa ubora wa data kabla ya kufika kwenye grafu. Wakikujibu kwamba ubora wa data ni mada ya asubuhi moja tu, niarifu, nami nitakuandikia barua ya maelezo ya kumpelekea mkuu wako ili aone kwa nini tunataka zaidi ya hapo. Naomba pia unitumie ratiba za mafunzo yote mawili pamoja na kurasa tupu za rejesta mnayotumia sasa, tuzipitie pamoja utakapofika Mjini. Chumba chako kipo tayari, usitafute nyumba ya wageni.

Mfikishie bi mkubwa shikamoo yangu, na watoto uwasalimie wote.

Wako wa daima,
sahibu yako wa Kikwajuni