Baba mkubwa, kabla ya kumeza hicho kidonge cha magoti

Jambo Baba mkubwa,

Naandika mbele ya watu kwa kusudi, maana hapa Bukavu wazee wenye dawa kama zako ni wengi. Mji wetu ni vilima vitupu. Mtu wa umri wako akipanda toka soko la Kadutu, lazima magoti yamsumbue. Na dawa ya maumivu inapatikana upesi: ukikosa famasi, utaikuta juu ya meza kando ya njia, wakukatie vidonge viwili vitatu. Anayeuza haulizi kama una ugonjwa wa moyo.

Wewe unao. Kila asubuhi unakunywa enalapril ya moyo, furosemide ya kukojoza, na aspirini ndogo ya mg 100. Sasa dawa za maumivu kama ibuprofen, diclofenac na indometasini hazikomei kwenye goti. Zinafanya figo zishike chumvi na maji, tensio (shinikizo la damu) inapanda, miguu inavimba. Furosemide inatoa maji, hizo zinayarudisha.

Ninachoogopa zaidi ni figo zenyewe. Ibuprofen inabana mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo, enalapril inalegeza ule unaoitoa, furosemide inapunguza maji mwilini. Zote tatu pamoja zinaweza kusimamisha figo, hasa siku ukiharisha au kutapika. Na aspirini? Ibuprofen ikiitangulia, inakalia pahali pake, basi kinga yako dhidi ya damu kuganda inapungua. Tumbo nalo linaweza kutoa damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usiseme utapigwa sindano badala yake. Diclofenac ya sindano inaingia damu ileile. Wala usiseme ni siku chache tu: mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikaza onyo kwamba hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inaweza kuanza ndani ya wiki za kwanza.

Kwa maumivu yako, anza na paracetamol tupu. Kidonge kimoja au viwili vya mg 500, usubiri saa sita kabla ya kurudia, na usivuke g 3 kwa siku bila daktari. Ile inayochemka ndani ya maji uiache: kidonge kimoja kina sodiamu karibu mg 400, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe mg 2000 kwa siku nzima, chakula kikiwemo. Soma pakiti pia. Kuna vidonge vinavyochanganya paracetamol na ibuprofen. Ukiona neno la Kifaransa *ibuprofène*, rudisha.

Dawa za moyo usiache hata moja kwa sababu ya barua hii. Zibebe zote, pamoja na zile za magoti, umwonyeshe daktari wako.

Lakini kifua kikikubana, au pumzi ikikata ukilala, usitafute kidonge. Nipigie, hata usiku wa manane, twende hospitali.