Binti ana alama, sisi hatuna ada: tumpeleke chuo gani?

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na wasomaji wote, hasa mlioko huku Marekani ambao mmeshasomesha watoto. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, na huu ni mwaka wa 19 niko Columbus, Ohio. Ni muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, na mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Kwa lugha yetu, tunabeba boksi. Naandika kwa ajili ya binti yetu, nitamwita Zuhura, anayemaliza mwaka wa tatu wa hai skuli. Vuli hii anaanza kuomba vyuo.

Zuhura ana kichwa, na sisemi kwa kuwa ni wangu. Tangu aingie hai skuli hajaleta B nyumbani. Kwenye ACT, mtihani wa kuombea vyuo, amepata 34 kati ya 36; shule iliwafanyisha wote bure. Kupitia mpango wa Ohio uitwao College Credit Plus ameshasoma masomo matano ya chuo bila sisi kulipa ada. Anataka uhandisi. Namwacha mezani saa nne usiku nikienda kazini, na asubuhi nikirudi naikuta chai yake imejaa vilevile kikombeni, imepoa, imefanya utando.

Sasa shida. Mwaka jana mimi na baba yake tuliingiza dola 128,000 kabla ya kodi. Najua mtu wa nyumbani akisikia hivyo ataomba namba yangu ya simu. Lakini nyumba tunailipia, bima tunakatwa, na mama yangu kule Ngamiani namtumia dola 400 kila mwezi za dawa ya presha na matumizi, mbali na ada ya watoto wawili wa marehemu dada yangu. Nilipokaa na kikokotoo cha serikali cha msaada wa masomo, kile kinachokwenda na FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, kilinipa kipimo cha 26,000 na ushei, yaani kadirio la dola wanazoona tunaweza kuchangia kwa mwaka. Nilitafuta mahali pa kumwandika mama yangu, sikupaona. Haishi chini ya paa letu, basi kwenye fomu hayupo. Na mdogo wake Zuhura anamfuata kwa miaka miwili. Zamani wakiwa wawili chuoni kwa pamoja hesabu ilikuwa inagawanywa, lakini tangu mwaka wa masomo wa 2024/25 utaratibu huo umeondolewa. Kwa hiyo sisi si maskini wa kusaidiwa, wala si matajiri wa kulipa.

Ningekuwa mgeni wa mambo haya pengine nisingeogopa. Lakini nimeshaungua kwa kaka yake. Chuo kimoja cha binafsi kilimpokea, wakaleta barua nene, neno "Hongera" limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Bei ya mwaka dola 58,000. Chini yake safu ya "msaada": ufadhili wa ufaulu 24,000, halafu 5,500, halafu 28,500, na mwisho kabisa, "kiasi kilichobaki: 0". Nililia kwa furaha pale pale jikoni. Sikujua kwamba ile 5,500 ni mkopo wake, na ile 28,500 ni mkopo wangu mimi mzazi. Yote imepangwa safu moja na ufadhili kana kwamba ni ndugu. Tena ufadhili wenyewe ulikuwa na sharti la GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.2 kati ya 4. Mwaka wa kwanza akapata 3.05, kemia ilimwangusha, wakaufuta. Tukamhamisha katikati ya mwaka wa pili, akamalizia chuo cha serikali. Amehitimu, alhamdulillahi, ana kazi. Mimi nadaiwa dola 61,000.

Ndiyo maana safari hii nimesema: bei kwanza, jina baadaye. Na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Baba yake anataka majina makubwa, na siwezi kusema ni mbishi tu, ana hoja. Mwezi Machi 2025 Harvard walitangaza kwamba familia yenye kipato cha dola 200,000 kushuka chini haitalipa ada ya masomo. Kwa hesabu hiyo, chuo chenye jina kuliko vyote kingetugharimu kidogo kuliko kile kilichoniachia deni! Nami nakubali. Aombe, fomu ni fomu. Ila wanapokea chini ya watu 5 katika kila waombaji 100, na waliobaki 95 nao wana A tupu kama Zuhura. Tena vile vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vya kale vyenye jina, Harvard kimojawapo, havitoi hata senti kwa sababu ya alama. Vinatazama kipato na mali tu. Hilo jambo nimelirudia kwa mume wangu mara tatu kwenye simu akiwa barabarani, na kila mara ananijibu, "Lakini mtoto ana 34."

Kinachoniumiza hasa ni chuo cha katikati kwa jina. Kuna kimoja huko mashariki walikwenda kukitazama na shule majira ya kuchipua, Zuhura akarudi na sweta la chuo hicho. Analala nalo. Nimekaa na kikokotoo cha bei kwenye tovuti yao (sheria inavilazimisha vyuo viwe nacho, na nawasihi wazazi mkitumie kabla mtoto hajanunua sweta), jibu likawa dola 47,000 kwa mwaka baada ya msaada. Mara nne. Sijamwambia.

Upande wangu nimepata haya. Ohio wana ufadhili wa gavana kwa wanafunzi walio katika asilimia 5 ya juu ya kila hai skuli, dola 5,000 kwa mwaka, mradi wasome ndani ya jimbo. Kwa nafasi aliyonayo darasani natumaini hautampita. Ohio State iko hapa hapa mjini, anaweza kulala nyumbani. Chuo Kikuu cha Cincinnati ndicho kilichoanzisha, tangu 1906, ule mtindo wa mhandisi kusoma muhula na kufanya kazi ya mshahara muhula, na mimi mshahara naupenda. Kisha kuna vyuo vya mbali vinavyotangaza jedwali wazi, alama hizi unapata kiasi hiki, bila kubahatisha. Chuo Kikuu cha Alabama ni mojawapo. Nilipolitaja jina hilo mezani baba yake alicheka, Zuhura akainuka akaenda chumbani. Mimi mwenyewe, nisiwe mnafiki, namwona binti yangu na hijabu yake kule nisikokuwa na hata jirani wa kumpigia simu, moyo unasita. Lakini jedwali linasoma vizuri kuliko barua ya dhahabu.

Pia Oktoba iliyopita alifanya PSAT, mtihani mwingine wa kitaifa wa hai skuli. Majina ya watakaovuka hatua ya kwanza ya National Merit, shindano la ufadhili linalotumia alama za PSAT, hutoka Septemba, na kiwango cha kuvuka kinatofautiana jimbo hadi jimbo. Akivuka, nasikia kuna vyuo vinavyomgombania mtoto wa namna hiyo.

Naomba basi mnishauri, hasa wenye kipato kama chetu. Kwanza, mmepata wapi ufadhili wa ufaulu ulioshusha bei yote ya mwaka, chakula na malazi ndani yake, hadi karibu dola 15,000? Na sharti la GPA lilikuwa ngapi, maana mwanafunzi wa uhandisi kubaki na 3.5 si mchezo. Pili, krediti za masomo kama yale matano ya College Credit Plus: zilimsaidia mtoto wenu kumaliza mapema, au chuo cha binafsi kilizikataa? Tatu, nimeambiwa ofisi ya misaada ya chuo inaweza kuombwa itazame upya hali ya familia, kwa barua na vielelezo. Nina risiti za kutuma pesa Tanga za miaka sita kwenye boksi la viatu. Kuna aliyewahi kuzipeleka na zikasikilizwa?

La mwisho si la hesabu. Lile jibu la 47,000 nimwambie sasa, au nimwache aombe, apokelewe, ndipo nimwambie hapana akiwa na barua mkononi? Baba yake anasema nisimvunje moyo mtoto kabla ya wakati. Mimi naikumbuka barua ya kaka yake, na jinsi ilivyokuwa vigumu kusema hapana jikoni mle wote tukiwa tunashangilia.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Mume wangu anarudi Ijumaa kutoka Laredo, na tumepatana tukae watatu Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Sweta lile limo kwenye mashine ya kufulia sasa hivi ninapoandika.

Mama Zuhura,
Columbus, Ohio