Malalamiko Kuhusu Elektrodi za pH Zilizoharibiwa na Mwongozo Wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Yah: KUKATALIWA KWA DHAMANA YA ELEKTRODI ZA KUPIMIA pH

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kupinga uamuzi wenu wa kukataa kutubadilishia elektrodi za pH, yaani vijiti vya kupimia uasidi wa kimiminika, tulizonunua kwenu. Barua yenu inadai kwamba zimeharibika kwa sababu ya utunzaji mbovu, na kwa hiyo dhamana haizihusu. Ukweli ni kwamba tulizitunza kama kijitabu chenu kinavyoelekeza, na maelekezo hayo ndiyo yaliyoziharibu.

Ukurasa wa utunzaji unamtaka mtumiaji asuuze elektrodi kila anapomaliza kupima, kisha aiache ikiwa imezama katika maji yaliyokenekwa hadi kipimo kinachofuata. Kloridi ya potasiamu haikutajwa popote katika kijitabu hicho, wala kichupa chake hakikuwemo kwenye boksi. Kwa elektrodi za aina hii, ambazo zina jeli ndani na haziwezi kujazwa upya, hilo ni kosa kubwa. Jeli hiyo ina kloridi ya potasiamu nyingi, nayo hukutana na sampuli kupitia kipande kidogo cha kauri chenye vinyweleo. Elektrodi ikikaa muda mrefu katika maji yasiyo na chumvi, chumvi ya ndani huvuja kidogo kidogo na maji huingia mahali pake, hata kloridi inayouzunguka waya wa fedha ikapungua na volti ya rejea, yaani ile isiyotakiwa kubadilika ambayo kipimo hulinganishwa nayo, ikahama. Ndiyo maana maabara huhifadhi ncha za elektrodi katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kwa kawaida wa moli 3 kwa lita, na ukikosekana, hata bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana) ya pH 4 kwa muda mfupi ni afadhali kuliko maji matupu.

Fundi wenu anasema kwamba tuliziacha zikauke. Dai hilo halilingani na vipimo. Balbu ya kioo, ambayo ndiyo inayohisi pH, ikikauka hupoteza ule utando wake mwembamba wenye maji, ikawa nzito kujibu na mteremko wake (badiliko la volti kwa kila kizio cha pH) ukashuka, lakini mara nyingi hurejea hali yake ikilowekwa. Tulipoona usomaji unayumba, tulizisafisha kwa asidi hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, tukazisuuza na kuziloweka usiku kucha katika kloridi ya potasiamu. Baada ya hapo, kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, elektrodi mojawapo ilisoma hasi 44 mV (milivolti) katika bafa ya pH 7.00 na chanya 126 mV katika bafa ya pH 4.01. Tofauti kati ya masomo hayo ni 170 mV, ilhali kinadharia inatakiwa kuwa karibu 177 mV, yaani mteremko ni takriban asilimia 96. Kioo hicho ni kizima kabisa. Kilichoharibika ni rejea, kwa kuwa katika pH 7 elektrodi nzuri husoma karibu na sifuri, na wengi huikataa ikizidi 30 mV upande wowote. Ukavu hauachi alama ya namna hiyo; kuzimuka kwa chumvi ya ndani ndiko kunakoiacha.

Ametaja pia ukoko mweupe uliokutwa kwenye kofia, akauita uthibitisho wa uzembe. Ukoko huo ni fuwele za kloridi ya potasiamu zilizobaki baada ya kuloweka, na huondoka kwa kusuuzwa tu kwa maji. Imenisikitisha kwamba mtu anayeamua madai ya dhamana alikichukulia kitu cha kawaida namna hii kuwa ni kasoro, na wateja wengine wanaweza kunyimwa haki yao kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo ninaomba mtubadilishie elektrodi zote bila malipo, kila moja ikiwa na kofia yenye myeyusho wa kuhifadhia. Lililo muhimu zaidi ni kwamba ukurasa ule usahihishwe na taarifa itumwe kwa kila mliyemuuzia elektrodi za aina hii. Wapo wanaopima maji ya kunywa, maziwa au dawa, nao wanaamini namba inayoonekana kwenye kioo cha kifaa huku rejea ikiendelea kuzimuka kila siku ndani ya bika la maji. Kosa la 44 mV linakaribia robo tatu ya kizio kimoja cha pH, na kwa anayepima bila kukagua kwa bafa, hakuna kitakachomwonya.

Nimeambatisha nakala ya ukurasa wa utunzaji, kumbukumbu za vipimo vya elektrodi zote na barua yenu ya kukataa. Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, na ninapendekeza lipitiwe na mtaalamu wa elektrokemia kabla ya kutumwa.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa Maabara