Risala ya kikundi cha akina mama walezi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na wa serikali za mitaa, maafisa ustawi wa jamii, walimu, wazazi wenzetu, na ninyi mabinti mliokaa mstari wa mbele na watoto wenu mapajani: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Sisi ni akina mama wa Mtwara mjini na Mikindani. Tulianza na vikoba, kuweka na kukopeshana, basi. Katika kazi hii ya kuwasimamia mabinti wenye mimba au wanaonyonyesha wanapokamatwa, tuliingizwa na binti mmoja, na kwa ruhusa yako tutamweleza bila kumtaja.

Alikuwa na miaka 16, akiosha vyombo kwa mama lishe, mtoto wa miezi minne mgongoni. Simu ya mteja ikapotea, akakamatwa yeye. Mwenzetu alimkuta siku ya tatu amekaa kwenye benchi nje ya mahakama, kanga imelowa kifuani. Kila mtoto wa mtu alipolia pale barazani, maziwa yalimtoka, naye akajikandamiza kwa viganja watu wasione. Mwanawe alikuwa kwa jirani, ananyweshwa maji ya sukari. Tulipouliza kwa nini hakuachiwa anyonyeshe, tuliambiwa hakusema kama ana mtoto. Mheshimiwa, hakuna aliyemuuliza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Inataka kesi yake isikilizwe faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ibara ya 30, unataka mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga afikiriwe kwanza adhabu isiyo ya kifungo. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010, zinasema binti mdogo mjamzito aliye kizuizini apate matunzo ya afya sawa na mwanamke mtu mzima. Maandishi hayo ni mazuri na tunayaheshimu. Lakini yote yanangoja mtu ajue kwanza kuwa binti huyu ana mimba, au ananyonyesha, au kweli ni mtoto.

Hapo kwenye umri tuseme ukweli wetu wenyewe, maana wengine humu ni makungwi. Tukishamtoa mwali unyagoni tunamwita mtu mzima, hata akiwa na miaka 11. Akifika kituoni hana cheti cha kuzaliwa, mwili umejaa, ana mimba: anaandikiwa miaka 19 na hakuna anayebisha. Mama yake mwenyewe habishi. Tumeanza kuwaambia wazazi watunze kadi za kliniki za watoto wao na wafuatilie vyeti vya kuzaliwa kwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, kwa sababu karatasi hiyo ndogo ndiyo inayomtoa binti katika mahakama ya watu wazima.

Dhamana nayo ni mtihani. Binti aliyetoka Newala au Nanyumbu kuja kutafuta kazi mjini hana wa kumdhamini. Baba wa mtoto ndiye wa kwanza kuzima simu. Na kama binti alikuwa mwanafunzi, mwanamume huyo ana kesi yake: tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Inatuuma kuona binti yuko kizimbani na huyo bwana yuko mnadani anauza korosho.

Yule binti alipata dhamana wiki hiyo hiyo, mwenzetu akasimama mdhamini. Leo anashona. Tuna cherehani nne, na mmoja kati ya mabinti hawa amerudi sekondari kwa waraka wa Wizara ya Elimu wa 2021 uliofungua mlango kwa waliojifungua.

Ombi letu kubwa ni dogo. Tunaomba uzungumze na wakuu wa polisi na mahakama katika mkoa wetu, ili binti yeyote anapopokelewa aulizwe na askari wa kike, pembeni: una mimba? Unanyonyesha? Mtoto yuko wapi sasa hivi? Jibu liandikwe kwenye jalada, na afisa ustawi apigiwe simu siku hiyo hiyo. Tunaomba pia afisa huyo awezeshwe usafiri. Tumemwona akipanda bodaboda kwa fedha zake kwenda kutafuta ndugu wa mtoto vijijini. Na binti akipelekwa mbali, tuseme shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, safari ya Masasi, Tunduru hadi Songea na kuendelea, kadi yake ya kliniki na vidonge vya kuongeza damu viende naye.

Sisi tuko tayari kudhamini. Majina ya akina mama waliojitolea, mtaa kwa mtaa, yamo kwenye daftari hili, na atakayekukabidhi ni yule binti wa kwenye benchi.

Naomba kuwasilisha.