Barua kwa rafiki mchongaji: watu wadogo wa Meketre

Kwako swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto, na kwa mafundi wote wa Mwenge. Mimi ni mzima, baridi ya huku tu ndiyo inanisumbua. Nimeona kazi ya mikono hapa New York, na tangu niione nakuwaza wewe.

Ni vinyago vya mbao vya Misri ya kale, viko makumbusho ya Metropolitan. Vilitengenezwa mnamo 1980 KK hivi kwa ajili ya kaburi la Meketre, mkubwa wa serikali aliyewatumikia mafarao. Kaburi lenyewe liko Thebes, ng'ambo ya Nile ukiwa Luxor ya leo. Wezi walilipora zamani sana, na waliowahi kulichimba waliondoka wakiamini halina kitu tena. Mwaka 1920 mchimbaji wa mambo ya kale Herbert Winlock na watu wake walikuwa wakilisafisha ili wapate kuchora ramani yake tu. Kokoto zikaonekana zinapotelea kwenye ufa. Winlock akalala chini, akamulika tochi, na humo ndani akawaona watu wadogo wa mbao, kundi zima, kila mmoja na shughuli yake. Walikuwa wamefungiwa gizani kwa karibu miaka 4,000 na rangi zao bado zinang'aa. Ilipatikana mifano 24, ikagawanywa kati ya Cairo na huku.

Ngoja nikuambie lililonishika. Kuna ghala la nafaka: vibarua wanapanda ngazi na magunia mabegani, na upande wa pili makarani wamekaa na karatasi za mafunjo na vibao vyao wakiandika kinachoingia. Kuna nyumba moja inayooka mikate na kupika pombe. Wanawake wanasaga kwenye mawe, mwanamume anakanyaga kinyunga kwa miguu ndani ya pipa refu. Kuna machinjio, zizi la ng'ombe, mashua, na bustani ya mikuyu inayozunguka bwawa lililotandikwa shaba. Karakana za maseremala na wafumaji ziko Cairo, na pia mashua mbili zinazovuta wavu mmoja wenye samaki. Wengi wa watu hawa ni wadogo mno, unaweza kumkamata mmoja kwa kiganja.

Sasa ufundi. Kiwiliwili na kichwa ni pande moja la mti. Mikono imechongwa peke yake, ikapachikwa begani kwa vijiti, kisha wakapaka lipu nyembamba ya kuficha maungio na juu yake rangi, wanaume wekundu wa kahawia, wanawake wa manjano. Nyuso hazitofautiani sana: macho makubwa, pua, basi. Lakini tazama migongo! Yule anayesaga, uzito wote umeegemea kwenye viganja. Anayebeba gunia ameinama kiasi kilekile ambacho gunia linamtaka ainame. Fundi aliamua ustadi wake uende kwenye kazi inayofanyika, na mimi naona aliamua sawasawa.

Alikuwa na sababu. Waliamini marehemu anaendelea kuhitaji mkate, pombe, nyama na nguo, na kwamba watu hawa wangemfanyia kazi hizo milele. Anayesaga akikosewa mikono, unga hautoki. Kwa hiyo kila hatua ilipaswa kuwepo na kuwa sahihi, ingawa mlango ukishazibwa hakuna jicho la mtu aliye hai lingekuja kukagua. Winlock alikuta juu yao bado kuna alama za vidole za watu wa enzi hizo. Majina ya waliochonga hatunayo, la Meketre tunalo. Hilo linaniuma, maana kama si wao, tusingejua nusu ya tunayoyajua kuhusu tanuri za Misri.

Yupo pia mwanamke mmoja mrefu kuliko wenzake, sentimita 112, na huyu uso wake umetulizwa kwelikweli. Kichwani ana kikapu cha nyama, mkono wa kulia kamshika bata hai kwa mabawa, na gauni lake limechorwa kama manyoya. Na kaburi la mkubwa mwingine, Mesehti, kule Asyut, Misri hiyohiyo, lilitoa askari 40 wa Misri wenye mikuki na wapiga upinde 40 wa Nubia, nchi ya kusini mwa Misri, wasiolingana kimo wala sura, wako Cairo. Baadaye mtindo ulibadilika, zikaja sanamu za watumishi zilizosimama kama maiti iliyoviringishwa sanda. Farao Tutankhamun alizikwa na 413. Ni nzuri, ila hazinigusi, kwa sababu hazifanyi kitu.

Mbao zao unazijua. Waliutumia mkuyu, huuhuu wa kwetu, na mgunga. Mwerezi waliuagiza Lebanoni. Na ule mti mweusi uliowafikia kutoka kusini, wataalamu wa mbao wanasema ni mpingo. Mpingo wako, ndugu yangu, uliheshimiwa katika majumba ya mafarao.

Ndiyo maana nakuomba jambo. Najua wateja wanataka tembo na Wamasai warefu, na watoto lazima wale. Lakini tenga vipande vichache unichongee watu wa Kariakoo: mama lishe na masufuria yake, mpiga debe, msukuma mkokoteni akipanda mlima, kinyozi. Nyuso usihangaike nazo. Nitalipa bei yako, usinipunguzie.

Na unijibu hili la mikono: kwa kimo cha kiganja, kijiti cha begani wewe ungekitoboleaje bila kupasua mti? Wao walitumia keekee ya upinde na patasi za shaba. Picha nilizopiga kwa karibu nitakutumia kwa simu ya mdogo wako, uzikuze uone maungio yalipokutana.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.